Stemseli kutibu kisukari: dunia imefika wapi, na hizi pakti tunazouziwa mtaani ni nini?

#1 Kongosho Bovu

Wakuu kwema? Huu uzi nimekua nauahirisha toka mwezi uliopita, leo nimeamua niumwage wote. Utakua mrefu, asie na muda apite kwa amani.

Chanzo ni mjomba wangu. Yuko Korogwe, ana kisukari cha ukubwani mwaka wa kumi na tatu huu, vidonge vilishindwa akawekwa kwenye insulini. Sasa wakamtembelea wale watu wa biashara za kuingizana, suti na projekta, wakamwambia kuna unga wa stemseli unaweka chini ya ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki, kongosho linaota upya kama mgomba, insulini ni utumwa achana nayo. Boksi moja laki na nusu na ukileta watu watatu unapata kamisheni. Mzee akauza mbuzi wawili. Wiki ya tatu mkewe ananipigia usiku anasema mjomba wako anamaliza ndoo ya maji, anakojoa kila saa, kapimwa mashine imeandika HI na mwenyewe anacheka anasema hata mashine siku hizi inanisalimia. Kwa wasiojua, ile HI sio salamu, maana yake sukari imepita pale mashine inapoweza kusoma, na nyingi zinaishia 33. Akalazwa siku sita. Yuko hai, namshukuru Mungu.

Kilichoniuma ni kwamba lile neno hawakulitunga. Mimi mwenyewe nina kisukari cha aina ya kwanza toka niko darasa la tano, sasa nina 31, na hizi tafiti za seli shina (ndo hizo stemseli) nazifuatilia kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga. Ni kweli kuna watu duniani leo walikua wanachoma insulini miaka na miaka na sasa hawachomi, kwa sababu ya stemseli. Kweli kabisa. Ila haikutoka kwenye pakti. Ndo nataka tuongelee hapo, wapi kweli inaishia na wapi wizi unaanzia, mana vinafanana jina tu.

#2 Mama Twiga

Nimeweka kigoda. Endelea baba.

#3 Mchoma Mahindi

Pole kwa mzee. Ila mkuu kabla hujafika mbali, hiyo stemseli ni mdudu gani kwa lugha ya kijiweni? Mimi ya biolojia niliyaacha kwa panzi na mende.

#4 Kongosho Bovu

Hahaha sawa mkuu. Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua kazi. Seli ya ngozi ni ngozi, ya ini ni ini, imeshaajiriwa, haibadili. Seli shina ni kijana aliyemaliza shule, ukimpeleka gereji anakua fundi, ukimpeleka jikoni anakua mpishi. Ukijua kumfundisha lakini, na hapo kwenye kufundisha ndo watu wamemaliza nywele kichwani.

Kwenye kongosho kuna vikundi vidogo vidogo vya seli, aliviona kijana wa Kijerumani anaitwa Paul Langerhans mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi, hata hakujua vinafanya kazi gani. Vinaitwa visiwa vya Langerhans mpaka leo. Ndani ya hivyo visiwa kuna seli za beta, ndo zinapima sukari kwenye damu na kutoa insulini kwa kiasi chake, muda wote, hata ukiwa umelala. Sisi wa aina ya kwanza kinga yetu ya mwili imezishambulia ikazimaliza. Mjomba na wengi huku mtaani ni aina ya pili, wao mwili unagoma kuitikia insulini alafu taratibu na seli zenyewe zinachoka. Ni magonjwa mawili yanayotumia jina moja, shikeni hilo mana tutalihitaji mbele.

Wazo la kupandikiza visiwa vya mtu mwingine ni la zamani. Mwaka 2000 timu ya James Shapiro kule Edmonton, Kanada, walichukua visiwa kutoka kwa watu waliofariki wakawawekea wagonjwa 7, wote 7 wakaacha insulini. Dunia ikasimama! Alafu ikakaa tena, mana miaka mitano baadae wale ambao bado walikua hawachomi walikua kama mmoja katika kumi. Na mgonjwa mmoja mara nyingi anahitaji kongosho za marehemu wawili au zaidi. Hesabu hiyo haifiki popote, wenye kisukari watu wazima dunia nzima ni kama milioni 589 kwa hesabu ya shirikisho la kimataifa la kisukari. Hata ukitoa wa aina ya pili wote, hao wanaobaki utawapatia wapi marehemu.

Kwahiyo swali likawa, tunaweza kuzitengeneza hizo seli wenyewe kiwandani? 1998 James Thomson kule Wisconsin akaotesha seli shina za kiinitete cha binadamu maabara. 2006 Mjapani Shinya Yamanaka akachukua seli za kawaida za panya akazirudisha utotoni, mwaka uliofuata akafanya na za binadamu, 2012 akachukua Nobel. Yani fundi mzoefu wa gereji anarudishwa la kwanza aanze upya.

Alafu kuna baba mmoja pale Harvard anaitwa Doug Melton. Mtoto wake wa kiume Sam akapatikana na kisukari cha aina ya kwanza akiwa mchanga, baadae na dada yake Emma. Yule baba akaacha utafiti aliokua anafanya wa vyura akahamia kwenye kongosho. Miaka zaidi ya ishirini. 2014 wakatangaza wameweza kutoa seli za beta kutoka kwenye seli shina, kwa mamilioni, zinazoitikia sukari. Kampuni aliyofungua akaiita Semma, Sam na Emma. Mimi hii stori huwa nikiisoma namkumbuka mama alivyokua ananichemshia sindano za kioo alizopewa na jirani, basi tu, tuendelee.

#5 Mchoma Mahindi

Nimeelewa sasa. Kumbe hata wazungu ni mapenzi ya mtoto ndo yanawasukuma.

#6 Sista wa Zamu ya Usiku

Mleta uzi umeeleza vizuri. Mimi ni nesi, nitaongezea kidogo tu. Wengi wanadhani shida ni kutengeneza seli. Hapana ndugu zangu, shida kubwa ni zikishaingia mwilini. Mwili unamkataa mgeni. Ndo mana aliyewekewa figo anakunywa dawa za kushusha kinga maisha yake yote, na zile dawa zina gharama yake, takrolimasi kwa mfano inaweza kuumiza hizo hizo figo, na ukishusha kinga huku kwetu TB inakusubiri mlangoni. Kwahiyo mtu akikwambia nitakuwekea stemseli za mtu mwingine na hakuna dawa ya kushusha kinga, muulize zitaishi vipi.

#7 Kongosho Bovu

Sista umenipokonya mdomoni. Ngoja niwape matokeo yenyewe.

Ile Semma ilinunuliwa 2019 na kampuni ya Vertex ya Boston kwa dola milioni 950. 2021 wakampa mtu wa kwanza, mstaafu wa posta wa Ohio, miaka 64, alikua anazimia sukari ikishuka mpaka siku moja kaanguka kwenye uwanja wa nyumba ya mtu akipeleka barua. Seli zinaning'inizwa kwenye mfuko kama dripu, zinaingia kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, zinaenda kukaa humo humo kwenye ini. Sio kwenye kongosho, watu wengi hapo wanashangaa. Kongosho ni kiungo chenye hasira, ukikigusa kinaanza kujimeng'enya chenyewe.

Juni 2025 wakatoa matokeo. Watu 12 waliopewa dozi kamili mara moja, baada ya mwaka 10 kati yao hawachomi insulini kabisa. Na wote 12 hakuna aliyepata ile sukari kushuka mpaka kuzimia. Mimi niliisoma usiku nikakaa kitandani kama dakika kumi sijafanya chochote. Ambae hajawahi kushukiwa na sukari usingizini hawezi kuelewa, unaamka shuka zimelowa jasho, huwezi kutamka jina lako, mke anakupaka asali kwenye fizi.

Ila sasa. Hao waliochaguliwa sio kila mgonjwa, ni wale ambao sukari ikishuka hawahisi dalili na walishazimia zaidi ya mara moja ndani ya mwaka. Kwao kushuka kwa sukari kunaua, ndo mana ikaonekana halali kuwapa dawa za kushusha kinga. Na katika utafiti ule wawili walifariki. Mmoja tatizo la ubongo kupoteza kumbukumbu (dimensia) alilokua nalo toka mwanzo lilizidi, mwingine ni maambukizi kwenye ubongo.

#8 Sista wa Zamu ya Usiku

Huyo wa pili ilikua kriptokokasi, fangasi anayeleta homa ya uti wa mgongo. Sisi wodini tunaijua sana kwa wagonjwa wa VVU ambao kinga imeshuka chini. Fikirieni, mtu wa huko majuu anapata ugonjwa ule ule kwa sababu kinga yake imeshushwa makusudi. Sisemi utafiti ni mbaya, nasema hiyo ndo bei yake, na wenye pakti hawaitaji.

#9 Ukweli Mchungu

Nyie mnazungushwa. Dawa ya kisukari ipo miaka mingi wanaificha ili waendelee kuuza insulini. Kampuni haiwezi kuponya mteja wake. Amkeni waafrika.

#10 Mchoma Mahindi

@Ukweli Mchungu sasa mtu katoa dola milioni mia tisa na hamsini kununua kitu ili akifiche? Si angelipa mtu akichome moto kwa bei rahisi.

#11 Kongosho Bovu

Mkuu Ukweli Mchungu hasira yako ya bei naielewa, mimi naishi nayo. Wale waliogundua insulini Toronto waliuza hataza yao kwa chuo kikuu kwa dola moja moja ili isiwe ya mtu, leo tunaona bei zilipofika. Ila kuficha na kuuza ghali ni makosa mawili tofauti. Hawa hawafichi, wanakimbizana nani ataiuza kwanza. Hofu yangu iko kwenye bei, nitaifikia.

#12 Msee wa Nakuru

Niaje wasee wa TZ. Mimi pia ni taipu wan, miaka tisa sasa. Huu uzi ni moto lakini mbona hakuna mtu ametaja China? Kuna dem wa Tianjin, miaka 25, 2023 walimwekea seli zenye zilitengenezwa kutoka kwa mafuta ya mwili wake mwenyewe, siku 75 baadaye akawacha insulini, na mwaka ukaisha bado hachomi. Hiyo ilichapishwa 2024. Kama ni seli zako mwenyewe si basi mwili hauwezi kukataa? Mbona tunasumbuana na hizi dawa za kinga? Niliambia daktari wangu akacheka tu, akaniambia nipunguze chapo.

#13 Kongosho Bovu

Karibu sana ndugu yetu wa Nakuru, pole kwa chapati.

Umeleta kitu kizito. Hiyo ni kazi ya Deng Hongkui wa chuo kikuu cha Peking. Yeye haingizi jeni ndani ya seli kama Yamanaka, anatumia kemikali tu kuzirudisha utotoni. Na kingine nilichokipenda, hawakuweka kwenye ini, waliweka chini ya utando wa misuli ya tumbo. Pale unaweza kuziona kwa kipimo cha picha, na zikileta balaa unafungua unazitoa. Kwenye ini zimetawanyika kama chumvi kwenye supu, utazitoa vipi. Na balaa lenyewe lipo, ikibaki seli shina ambayo haikukubali kufundishwa inaweza ikaota uvimbe.

Sasa kwenye swali lako. Yule dada alishapandikizwa ini zamani, kwahiyo tayari alikua anakunywa dawa za kushusha kinga. Na yule mzee wa Shanghai wa miaka 59, wa aina ya pili, aliyeumwa miaka 25 akawekewa 2021 seli zilizotoka kwenye damu yake akaacha insulini kama wiki ya 11, na yeye alishapandikizwa figo. Wote wawili. Sio bahati mbaya, ni uungwana wa kitafiti, unaanza na mtu ambae dawa hizo anazinywa tayari ili usimbebeshe mzigo mpya. Ila maana yake ni kwamba hatujaona zikiishi bila dawa.

Na kwa mimi na wewe wa aina ya kwanza kuna kitanzi kingine. Kinga yetu haikuziua seli za beta kwa sababu zilikua ngeni. Zilikua za kwetu, tumezaliwa nazo! Kinga yetu ina kisasi na seli ya beta yenyewe, kwahiyo ukitengeneza nyingine kwa damu yako mwenyewe umeleta mdogo wake marehemu, na muuaji bado yuko sebuleni.

#14 Msee wa Nakuru

Manze hiyo ya muuaji sebuleni imenimaliza. Sawa nimeshika.

#15 Shangazi wa Kizingo

Salaam aleikum wanangu. Mimi ni wa Mombasa, husoma tu siandiki lakini leo yamenigusa. Mume wangu ana kisukari cha aina ya pili na figo zimeanza kulegea. Tuliandikiwa na zahanati moja ya ng'ambo, jina nalihifadhi, wamesema watamdunga seli za kitovu cha mtoto mchanga mara tatu, maelfu ya dola, tiketi na hoteli juu yetu. Wametuma na video za watu wakilia kwa furaha. Vijana wangu wako tayari kuuza kiwanja cha Kikambala. Nambieni ukweli, hizo za kitovu ndizo hizo mnazozisema hapa?

#16 Kongosho Bovu

Waaleikum salaam shangazi yangu. Shikamoo. Kwanza kiwanja kisiuzwe kwanza, tuongee.

Hizo sio hizi. Zinazotoka kwenye kitovu, kwenye uloto au kwenye mafuta ya tumbo ni aina nyingine ya seli, zikidungwa hivyo hivyo bila kurudishwa utotoni kama za yule dada wa Tianjin hazigeuki kuwa seli za beta. Zinachofanya ni kama kutuliza ugomvi, zinatoa vitu vinavyopunguza uvimbe na kupoza kinga. Zinafanyiwa utafiti kweli, China wamefanya sana, Sweden pia kwa wagonjwa wapya wa aina ya kwanza, na kuna dalili kwamba kwa baadhi zinachelewesha seli zilizobaki zisife haraka. Kuchelewesha shangazi. Sio kuponya mzee wa miaka mingi mwenye aina ya pili na figo zimechoka. Na hizo tafiti nyingi ni za watu wachache wachache.

Iliyowahi kutikisa upande huo ni ya Brazili, 2007, daktari Júlio Voltarelli kule Ribeirão Preto. Alichukua watu 15 wa aina ya kwanza ambao ndo kwanza wamegundulika, akatoa seli shina zao za damu akaziweka pembeni, akaifuta kinga yao kwa dawa kali za aina ya zile za saratani, alafu akawarudishia seli zao kinga ianze upya kama simu iliyofutwa kila kitu. 14 kati ya 15 walifika mahali pa kuacha insulini kwa muda, wengine miezi wengine miaka. Ila wengi baadae walirudi kwenye sindano, na dawa zile zinaweza kukuua au kukuharibu uzazi. Ndo mana hujaona hospitali inafanya hivyo kwa kila mtu, mana insulini pamoja na kero zake ni salama kuliko hiyo.

Kuhusu zile video, utafiti wa kweli haukutozi wewe hela ya dawa inayojaribiwa. Ukiona unalipia ujaribiwe, ujue wewe ndo biashara. Na usidhani kwa wenzetu huko hawaibiwi, Florida 2015 wanawake watatu walidungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe, walilipa dola elfu tano kila mmoja, wakapoteza uwezo wa kuona. Angalau mmoja wao alidhani yuko kwenye utafiti.

#17 Sista wa Zamu ya Usiku

Shangazi mimi naomba kwa heshima, hiyo hela mpeleke mzee kwa daktari wa figo. Kuna dawa za vidonge sasa hivi zinazolinda figo za mwenye kisukari, na presha idhibitiwe vizuri, hapo utaona tofauti. Zahanati hiyo iulizeni maswali mawili tu kwa maandishi. Seli zinaenda kukaa wapi mwilini, na zinalindwa na nini zisiuliwe. Wakijibu kwa video nyingine basi mmeshapata jibu.

#18 Shangazi wa Kizingo

Mungu awabariki wanangu. Nitawasomea vijana haya usiku. Huyu mdogo ni mbishi lakini atasikia.

#19 Dogo wa Maabara

Nachelewa kufika. Mleta uzi hujataja ile ya Uppsala, nahisi umeiacha makusudi.

#20 Kongosho Bovu

Naiacha makusudi mana ndo tamu yangu, karibu dogo.

Turudi kwenye lile tatizo la kinga kuziua seli. Watu walijaribu njia ya kwanza, kuzifungia seli kwenye kifuko chenye matundu madogo sana, insulini itoke ila seli za kinga zisiingie. ViaCyte ya San Diego walihangaika nayo miaka, wakaja kununuliwa na Vertex 2022. Vertex wenyewe walikua na kifuko chao, Machi 2025 wakakiacha, insulini iliyotoka haikutosha. Mwili unajenga kovu kuzunguka kile kifuko na hewa haifiki. Umemficha kuku kwenye ndoo mwewe asimpate, kuku kafa kwa kukosa pumzi.

Njia ya pili ni kumbadilisha kuku mwenyewe. Chukulia kinga ni mgambo wa jiji. Anapita anakagua vitambulisho, asie na kitambulisho cha hapa anabebwa na meza yake. Wataalam wa kampuni ya Sana ya Seattle wakachukua mkasi wa jeni wakakata ile sehemu inayotoa vitambulisho, seli haina cha kuonyesha kwahiyo mgambo wa kwanza hana cha kumkamatia. Shida kuna mgambo wa pili, yeye kazi yake ni kukamata wasiokua na kitambulisho kabisa! Kwahiyo wakaipa seli protini moja kwa wingi, inaitwa CD47, ambayo ni kama kuwaambia wale mgambo mimi ni shemeji wa bosi wenu, niacheni.

Mwishoni mwa 2024 wakamdunga jamaa mmoja wa miaka 42 hospitali ya chuo kikuu Uppsala, Sweden, daktari Per-Ola Carlsson, sindano 17 kwenye msuli wa mkono. Jamaa ana kisukari toka ana miaka mitano. Hakupewa dawa hata moja ya kushusha kinga. Wiki 12 baadae zile seli zilizobadilishwa kikamilifu ziko hai, zinatoa insulini, sukari ikipanda baada ya chakula zinaitikia. Na humo humo kwenye dozi kulikua na seli ambazo ubadilishaji haukukamilika, zile mgambo alizibeba zote. Yani jaribio na kipimo chake viko kwenye mkono mmoja, sijawahi kuona utafiti mzuri hivyo.

#21 Dogo wa Maabara

Ila tuwe wakweli kaka, zile hazikua za seli shina. Zilitoka kwa marehemu. Na jamaa bado anachoma insulini yake, dozi aliyopewa ni ndogo sana, kama asilimia 7 ya inayohitajika.

#22 Kongosho Bovu

Kabisa dogo, ndo mana nakupenda. Mtu mmoja, dozi ndogo, seli za marehemu. Ila unganisha sasa, Boston wameonyesha seli shina zinaweza kufanya kazi ya kongosho mwaka mzima ila zinahitaji dawa, Uppsala wameonyesha seli zinaweza kuishi bila dawa ila hazikua za kiwandani wala hazikutosha. Sana wanaandaa ya kwao ya seli shina zenye huo ujanja wa shemeji. Hizo barabara mbili zikikutana mimi nitachinja ng'ombe, na sina ng'ombe.

#23 Mchoma Mahindi

Mimi naomba kitu kimoja, itakua shilingi ngapi.

#24 Kongosho Bovu

Ndo hapo mkuu. Hii haijaruhusiwa kuuzwa kwahiyo haina bei, ila angalia ndugu yake. Hao hao Vertex wana tiba ya selimundu inayotumia mkasi wa jeni kwenye seli shina za damu za mgonjwa, iliruhusiwa Marekani Desemba 2023. Bei dola milioni 2.2 mtu mmoja. Na selimundu ni ugonjwa wa kwetu zaidi kuliko wa kwao. Basi piga picha.

Lakini msikate tamaa kwamba Afrika tumekaa tu. Kupandikiza uloto ni tiba ya seli shina, ndo kongwe kuliko zote, na Dodoma pale hospitali ya Benjamin Mkapa wameshawafanyia watoto wa selimundu. Mtu akikwambia stemseli haijafika Tanzania mwambie imefika, iko wodini, haiko kwenye semina ya suti.

#25 Mama Twiga

Mimi sijasoma sana ila nauliza, mwanangu ana miaka 8, aina ya kwanza, kagundulika mwaka jana. Hizi seli shina ni za wakubwa huko, atazikuta akikua labda. Mimi shida yangu ya leo, tuko Dumila, umeme unakatika siku mbili, friji halina maana na joto hili insulini naona inaharibika. Juzi sukari haikushuka mpaka nikabadili chupa.

#26 Sista wa Zamu ya Usiku

Mama Twiga mtungi. Chukua vyungu viwili vya udongo, kidogo kiingie ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga, mwagia maji asubuhi na jioni mchanga usikauke. Insulini iweke kwenye kopo lenye mfuniko ndani ya chungu kidogo, juu funika na kitambaa kibichi, kiweke kivulini penye upepo. Haitakua baridi ya friji ila inashusha joto vya kutosha kwa ile chupa unayotumia. Usiiweke karibu na jiko. Na ukiona chupa ya ile insulini isiyo na rangi, inayoangaza kama maji ya kunywa, imekua na ukungu au vipande, tupa.

#27 Mama Twiga

Asante mno dada. Vyungu hapa vipo, mama mkwe ni mfinyanzi, ngoja nimwambie kesho asubuhi anifinyangie kidogo kitakachoingia kwenye ule mkubwa wa maji.

#28 Kongosho Bovu

Mwambie afinyange viwili mama, kimoja nitakilipia mimi nikitume Korogwe. Mjomba kaanza tena kuchoma vizuri, asubuhi hii kanipigia kasoma mashine kwa sauti, 9.1. Nikamuuliza imekusalimia? Akakata simu.